Kijisahani cha Jeki: Kusahihisha Nilichosema Kuhusu VC10 ya Addis Ababa

Nianze kwa kuomba radhi. Katika kile kipindi chetu cha safari za kurudi nyumbani, pale tulipokuwa tukicheka habari za masanduku ya kilo 23 na wazee wanaopiga makofi ndege ikitua, nilipitisha sentensi moja juu ya ajali ya East African Airways ya mwaka 1972. Nilisema hivi: "Si ndiyo ile rubani alipata hofu akakanyaga breki, ndege ikatoka njiani?" Mwenzangu akaitikia "aah, ndiyo," kisha tukahamia kwenye chakula cha ndege.

Kesho yake asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti kutoka kwa mjomba wangu. Dakika nne nzima. Mjomba hatumi ujumbe wa dakika nne hata akiwa na msiba. Aliniambia, kwa ile sauti yake ya kutopandisha, "Mwanangu, yule rubani umemsema vibaya mbele za watu. Njoo nyumbani."

Nikaenda. Mjomba anaishi South Ruislip, magharibi ya London, na kabla ya kuhamia huku alikuwa fundi wa ndege ndogo Nairobi. Haya ninayoandika yametokana na mazungumzo yale na usomaji niliofanya baadaye, kwa sababu sikutaka kukosea mara mbili.

Kwanza, ndege yenyewe. Sisi tuliozaliwa huku tumezoea kusikia "VC10" kama jina la mtu wa ukoo. Mama zetu walikuja nayo, baba zetu walipiga picha mbele yake wakiwa na suti na koti la mkononi. Ilitengenezwa Weybridge, Surrey, si mbali na hapa London, na wabunifu wake walifikiria hasa viwanja kama vya kwetu: vya joto, vilivyo juu ya milima, ambako hewa ni nyepesi na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Injini nne nyuma, mkia mrefu, bawa lililo safi bila injini. East African Airways, shirika la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, lilianza kupokea VC10 zake mwaka 1966. Kufikia 1970 zilikuwa tano. Ukitazama picha za zamani utaona usajili umegawanywa kama mirathi: 5X ya Uganda, 5Y ya Kenya, 5H ya Tanzania.

Tarehe 18 Aprili 1972, ile yenye usajili 5X-UVA ilikuwa kwenye safari namba 720, kutoka Nairobi kuja London Heathrow, ikipitia Addis Ababa na Roma. Ndani mlikuwa na watu 107: abiria 96 na wafanyakazi 11. Uwanja wa Addis uko mita zaidi ya 2,300 juu ya usawa wa bahari. Embakasi penyewe ni juu, lakini Addis ni juu zaidi kwa mita kama 700.

Kabla ya kuruka kulikuwa na kucheleweshwa. Kwenye njia ya kurukia kulikuwa na ndege waliokufa, ikabidi waondolewe. (Hapa Kiswahili hakitupi shida: ndege *wamekufa*, ndege *inasubiri*.) Waliondolewa. VC10 ikaruhusiwa, ikaanza kukimbia.

Ikiwa bado inashika kasi, gurudumu la mbele upande wa kulia likapita juu ya kipande cha chuma kilichokuwa kimelala njiani. Tairi likapasuka kwa kishindo. Pua ya ndege ikainuka, ikashuka tena, mtetemo mkubwa. Rubani akaamua kusitisha. Breki zikashikwa, lakini ndege haikupungua kasi kama ilivyotakiwa. Ikapitiliza mwisho wa njia, bawa la kushoto likagonga nguzo ya chuma ya taa za kuongozea, tangi la mafuta likatoboka, moto ukawaka. Mbele ya hapo ardhi inashuka mteremko wa mita 10 hivi. Ndege ikaanguka humo na kuvunjika. Watu 43 walikufa: abiria 35 na wafanyakazi 8.

Toleo nililolijua mimi linaishia hapo. Breki, hofu, mteremko. Nalijua kutoka kwenye sebule za Jumapili, kwa watu wazima waliozungumza juu ya vichwa vyetu tukila biriani kwenye zulia. Rubani alikanyaga breki, ndege ikaanguka, kwa hiyo rubani alikosea kukanyaga breki. Inaonekana sawa, si ndiyo?

Mjomba alisema ili uelewe kwa nini si sawa, lazima ujue V1. Marubani wa ndege kubwa, wa abiria na wa kijeshi, kabla ya kuruka hukokotoa kasi hiyo. Wanaangalia uzito wa ndege, urefu wa njia, joto, upepo na mwinuko wa uwanja. Chini ya V1, jambo kubwa likitokea, njia iliyobaki bado inatosha kusimama: unasitisha. Ukishavuka V1, njia haitoshi tena kusimama: unaruka, hata kama injini moja imekufa, halafu matatizo mtayazungumza mkiwa hewani. Hakuna muda wa kushauriana. Ni sekunde chache tu, na hesabu imeshafanywa kabla, mkiwa mmetulia.

"Sasa sikiliza," akasema Mjomba. "Hiyo hesabu yote imesimama juu ya kitu kimoja. Kwamba breki ni nzima."

Uchunguzi wa ajali ile ulisema hivyohivyo. Chanzo kilichoandikwa ni kwamba sehemu ya nguvu ya breki ilikosekana, kwa sababu kuna sehemu ya mfumo wa breki ambayo ilipofunguliwa na kurudishwa, ilirudishwa vibaya. Ndiyo maana ndege haikuweza kusimama ndani ya umbali uliokuwapo. Rubani aliomba kwa ndege kile ambacho hesabu ilimwahidi, na ndege haikuwa nacho.

Na tofauti ndogo ya breki si ndogo kwa kasi zile. Kama umejifunza kuendesha gari hapa Uingereza unakumbuka ile jedwali ya umbali wa kusimama: ukiongeza kasi mara mbili, umbali wa breki haukui mara mbili, unakua mara nne. Kwa ndege yenye uzito wa mabasi mengi ya ghorofa, breki ikipungua kidogo, mita zinazokosekana mwishoni ni nyingi. Addis mwisho wa njia haukuwa uwanda wa nyasi. Ulikuwa mteremko, na kabla ya mteremko nguzo za chuma.

Nikamuuliza Mjomba kuhusu kile kipande cha chuma. Kilikuwa kijisahani cha jeki cha ndege ndogo aina ya Cessna 185. Sikujua hata maana yake. Mjomba akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kisahani cha kikombe cha chai na kopo la nyanya. Akaweka kisahani juu ya kopo. "Kopo ndiyo jeki. Ndege ndiyo meza hii. Jeki ukiisukuma moja kwa moja kwenye mwili wa ndege, utaitoboa. Kwa hiyo unafunga hiki hapa katikati, kizuri, cha chuma, kipokee uzito. Unainua, unafanya kazi yako, unashusha. Halafu unakitoa."

Akanyamaza kidogo. "Halafu unakitoa," akarudia.

Hapo ndipo nilielewa kwa nini sauti yake ilikuwa vile kwenye simu. Kwa miaka yote hiyo, toleo la sebuleni lilikuwa limemtupia rubani mzigo wote. Na mafundi kama yeye walikuwa wamekaa kwenye zilezile sebule, wakila biriani ileile, wakiacha lisemwe. Ukimwondolea rubani mzigo, mzigo haupotei. Unaenda kwa watu wenye spana. Kijisahani ni cha fundi. Breki ni za fundi.

Nikamwambia, "Lakini Mjomba, wewe hukuwa hata karibu na ndege ile."

"Sikuwapo," akasema. "Lakini kazi ni ile. Kila fundi aliyeisikia ile habari alirudi kuhesabu vifaa vyake. Mimi nilihesabu."

Nimefikiria sana kwa nini toleo la rubani ndilo lililobaki. Nadhani ni kwa sababu rubani anaonekana. Ana kofia, ana mistari begani, tunasikia sauti yake. Fundi aliyefunga breki hapo kabla, au mtu aliyesahau kijisahani, hawamo kwenye picha. Na hadithi inataka mtu.

Sisi si wa kwanza kufanya hivyo, na hili halihusu Afrika peke yake. Kila shabiki wa Manchester United, na humu mko wengi, anaijua Munich, tarehe 6 Februari 1958. Ndege ya shirika la Uingereza la BEA ilijaribu kuruka mara mbili ikasitisha, mara ya tatu ikapitiliza mwisho wa njia, ikavunja uzio na kugonga nyumba. Watu 23 walikufa, wakiwamo wachezaji wanane. Wachunguzi wa Ujerumani walimlaumu kapteni, James Thain, kwamba hakuhakikisha barafu imeondolewa kwenye mabawa. Thain alipigana miaka zaidi ya kumi kuonyesha kwamba tatizo lilikuwa theluji iliyoyeyuka njiani, uji ule wa maji na barafu, uliokuwa ukiyavuta magurudumu na kuizuia ndege kufikia kasi. Mwaka 1969 Uingereza ikamsafisha. Alikufa mwaka 1975. Ukijumlisha, maisha yake yaliyobaki baada ya ajali, sehemu kubwa aliishi kama mtu aliyekosea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikulitarajia kabisa.

Nilipokuwa nikisoma, nilitaka kujua zile VC10 nyingine nne za East African zilienda wapi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika nalo likafa. Kenya ikaanzisha Kenya Airways, Tanzania ikaanzisha Air Tanzania, na mali ya pamoja ikagombaniwa. Zile VC10 zilirudi kwa watengenezaji Uingereza. Zilikaa. Halafu Jeshi la Anga la Uingereza likazinunua zote nne na kuzigeuza ndege za kujaza mafuta ndege nyingine angani. Zilipewa namba mpya, ZA147 hadi ZA150, zikawa na kikosi namba 101 kule Brize Norton, Oxfordshire.

Ndani ya ile sehemu ya abiria waliweka matangi matano makubwa ya mafuta. Pale pale. Pale mama yangu alipokaa amefungwa mkanda na kitambaa cha maua kichwani, mwaka 1971, akija kwa baba, kukawekwa tangi. Ndege zilizoleta wazazi wetu zikawa zinabeba mafuta ya ndege za vita, hadi Vita vya Ghuba vya 1991 na baada ya hapo. ZA147, iliyoanza maisha na usajili wa Tanzania, 5H-MMT, ndiyo iliyoruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 duniani, tarehe 25 Septemba 2013. ZA150, zamani 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa, na imehifadhiwa Dunsfold, Surrey. Saa moja na nusu kwa gari kutoka East London, kama M25 imeamka vizuri.

Nilipomwonyesha Mjomba picha ya ZA150 ikiwa na rangi za jeshi, aliikuza kwa vidole viwili, akatazama magurudumu, si rangi. "Hii ikijaa mafuta," akasema, "V1 yake siitaki." Alikuwa anatania, lakini maana ilikuwa ileile. Iwe imebeba akina mama na masanduku, iwe imebeba mafuta ya ndege za kivita, siku rubani akiamua kusitisha, ataangukia mikononi mwa watu ambao hawamo ndani ya ndege: aliyefunga breki, na aliyesafisha njia.

Wanajeshi wa anga wanalijua hili kwa miguu yao. Kwenye vituo vingi na kwenye manowari za kubeba ndege, askari hujipanga mstari, bega kwa bega, wakatembea polepole wakitazama chini, wakiokota kila kijiwe, kila parafujo, kila kipande cha waya. Wenye vyeo na wasio na vyeo. Ukiona video yake unaweza kudhani wamepoteza pete ya mtu. Na mwaka 2000, Paris, dunia nzima ilikumbushwa sababu. Concorde ilikanyaga ukanda wa chuma ulioanguka kutoka ndege nyingine iliyotangulia. Tairi likapasuka, tangi likatoboka, moto. Wao walikuwa na kasi kubwa mno kusimama, ikabidi waruke. Watu 113 walikufa. Miaka 28 baada ya Addis, kipande kingine cha chuma, njia nyingine.

Mjomba hakunialika South Ruislip bure. Kabla sijaondoka alinitembeza dakika chache hadi mahali ambapo unauona uwanja wa kijeshi wa Northolt, ulio kando ya barabara ya A40. Nimepita A40 maisha yangu yote, kwenda harusi, kwenda Eid, kwenda kuchukua wageni, na sikuwahi kuuliza kuna nini nyuma ya ule uzio. Mwaka 1996, ndege ndogo ya jeti ilipokuwa ikitua hapo ilipitiliza mwisho wa njia, ikavunja uzio na kuingia A40, ikagongana na gari. Fikiria umo kwenye foleni, redio imewashwa, na ndege inatokea upande wako.

Mwaka 2019 waliweka Northolt kitu ambacho Addis ya 1972 haikuwa nacho: kitanda cha kusimamishia ndege mwisho wa njia. Kimetengenezwa kwa nyenzo nyepesi zinazopondeka. Ndege ikipitiliza, magurudumu yanazama humo na kuliwa kasi, kama mtu anayekimbia akaingia mchanga wa pwani. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake Uingereza. Na pale penye nafasi, viwanja siku hizi hushauriwa kuacha mita 240 za ardhi tambarare, bila nguzo ngumu, mwishoni. Hizo zote ni njia za kusema: tunajua kuna siku mtu atasahau, na tunajua kuna siku breki hazitatosha. Basi angalau tusiweke mteremko.

Tulisimama pale, upepo wa London unatupiga masikio. Nikamwambia Mjomba nitasahihisha kipindi. Akasema vizuri. Nikamwambia pia sitaki watu sasa waanze kuwasema mafundi walewale, kana kwamba nimehamisha lawama tu kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Akafikiri. "Waambie hivi," akasema. "Yule aliyesahau kijisahani hakuwa mtu mbaya. Yule wa breki pia. Ndiyo maana lazima mtu mwingine aje kuangalia baada yako. Hata kama wewe ni hodari. Hasa kama wewe ni hodari."

Kwa hiyo nasema hapa, kwa maandishi, na nitalisema tena mwanzoni mwa kipindi kijacho: nilikosea. Rubani wa safari namba 720 hakuiangusha ndege kwa hofu. Alikutana na kishindo, akaamua kusimama, na breki zilizofungwa vibaya hazikumpa kile alichokuwa na haki ya kukitegemea. Watu 43 hawakufika Roma, wala London. Kuna familia hapa jijini ambazo zilikwenda Heathrow kupokea mgeni siku ile, na kama mmoja wenu alinisikia nikisema vile huku nacheka, naomba radhi kwako zaidi kuliko kwa mwingine yeyote.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi kwenye ndege zile, awe fundi, mpishi, mpakia mizigo au mhudumu, muulize wikiendi hii, kabla ya chai kupoa. Halafu utuandikie. Mjomba ameshasema atasoma kila barua, na nyinyi hamumjui Mjomba: atasahihisha.